Nina dola 400 na nataka kupiga picha za nyota: ninunue stendi gani?

Yaya, jambo sana.

Mimi ni mpiga picha wa harusi na matanga hapa Lubumbashi, ninaishi Kampemba. Kamera yangu ni Canon 1200D niliyoinunua ikiwa imeshatumika. Nina lenzi mbili: ile ya 18-55 iliyokuja nayo, na ya mm 50 ambayo ndiyo ninayopigia sura za maharusi. Kazi hiyo inatulisha nyumbani pamoja na mshahara wa mume wangu, ambaye ni mwalimu.

Mwaka jana wakati wa kiangazi tulilala kwenye shamba la baba mkubwa, njia ya Kipushi. Usiku nikatoka nje nikakuta Njia Nyeupe, ule ukanda wa nyota nyingi, imekatiza juu ya kichwa changu kutoka upande mmoja hadi mwingine. Nikaweka kamera juu ya gunia la mahindi na lenzi ya mm 50, nikaiacha wazi sekunde ishirini. Picha ikatoka na rangi ambazo macho yangu hayakuwa yameziona. Lakini nyota zote zilikuwa zimerefuka kama punje za mchele.

Tangu hapo situlii, Yaya. Nimesoma, nimetazama video, nimezidi kuchanganyikiwa. Nimeweka dola 400 pembeni. Kuna mtu mjini anauza darubini ya kioo cha mm 130, urefu wa fokasi mm 900, ikiwa juu ya stendi ya ikweta (ile inayozungushwa kufuata mwendo wa nyota) yenye mota ndogo ya bateri ya volti 9. Anataka dola 280, na ananiambia nikichelewa ataichukua mwingine. Binamu yangu anayeendesha lori la Johannesburg kupitia mpaka wa Kasumbalesa anasema anaweza kuniletea kile kifaa kidogo cha kufuata nyota kinachofungwa chini ya kamera, kilichotumika, ila bei yake inakaribia pesa yangu yote. Halafu kuna mwanafunzi wa UNILU, chuo kikuu cha hapa Lubumbashi, aliyeniambia nisinunue kitu chochote kilicho chini ya HEQ5, ile stendi kubwa ya ikweta, vinginevyo nitajuta.

Mume wangu hakatai, lakini anauliza: Septemba minervali (ada ya shule) ya watoto itatoka wapi? Swali langu mimi ni hili: kwa pesa hii ninunue nini ili nipate Njia Nyeupe na ile nebula (wingu la gesi angani) ya Eta Carinae, nyota zikiwa nukta? Na je, ni kweli lazima nifungue kamera nitoe chujio lililo ndani ili rangi nyekundu ionekane? Muuzaji anataka jibu mwisho wa mwezi.

Mama Picha, Kampemba

*

Mdogo wangu Mama Picha,

Darubini hiyo iache. Nakuambia mapema kwa sababu muuzaji anakuharakisha, na maelezo yangu ni marefu. Kioo cha mm 130 ni kizuri kwa kutazama kwa jicho: kitakuonyesha pete za Zohali, miezi minne mikubwa ya Mshtarii na mashimo ya Mwezi, na watoto wako wangekipenda. Kwa kamera na kwa picha ulizonitajia, hakitakufikisha. Na kasoro haiko kwenye kioo, iko kwenye kile kilichokibeba.

Dunia inajizungusha mara moja kwa saa 23, dakika 56 na sekunde 4. Kwa hiyo nyota zinaonekana kuhama nyuzi 15 kila saa. Uzi mmoja una sekunde za tao 3,600, na ukipiga hesabu utakuta kila sekunde ya saa yako anga imesogea sekunde za tao 15. Kazi ya stendi ya picha ni kuizungusha kamera kwa kasi hiyohiyo kufuata nyota, bila kutikisika. Miguu mizuri, kompyuta ya kutafuta nyota, rangi ya kupendeza, vyote vinakuja baadaye.

Sasa chukua kalamu. Pikseli ya 1200D, yaani nukta moja ya picha, ina upana wa maikromita 4.3. Zidisha 206 kwa 4.3, kisha gawanya kwa urefu wa fokasi wa lenzi yako kwa milimita. Jibu linakuambia ni sekunde za tao ngapi za anga zinazoingia katika pikseli moja. Kwa lenzi yako ya mm 50 unapata karibu 18. Kwa lenzi ya mm 135 unapata 6.6. Kwa darubini ya muuzaji, ya mm 900, unapata 1. Rudi kwenye picha yako ya shambani: sekunde 20 ni sekunde za tao 300, sawa na pikseli 17 hivi kwa lenzi ya 50. Ndizo hizo punje zako. Picha ileile kwa darubini ya mm 900 ingevuta kila nyota pikseli 300.

Utaniambia darubini ile ina mota. Ni kweli, lakini angalia mota yenyewe ni ya namna gani. Mota hizi za volti 9 zinazofungwa kwenye stendi nyepesi mara nyingi hazina saa ya ndani ya kuzidhibiti. Zina kinobu kidogo cha kuongeza na kupunguza kasi, nawe unakisia kwa jicho mpaka nyota itulie. Bateri ikishuka, au mzigo ukiegemea upande mmoja, kasi inabadilika. Kwa anayetazama kwa jicho hiyo ni starehe, kwa sababu sayari haitoroki haraka kwenye lenzi. Kwa kamera inayohesabu sekunde moja ya tao kwa kila pikseli, haitoshi hata kidogo.

Ongeza uzito. Bomba la 130 lenye urefu wa mm 900, pamoja na kamera ikining'inia ubavuni, linafikia au linapita mzigo ambao stendi ya daraja hilo hubeba vizuri. Wapiga picha wa anga wana desturi ya kutumia nusu ya uzito ulioandikwa na mtengenezaji, au theluthi mbili ukizidi sana, kwa sababu ule ulioandikwa ni wa kutazama. Ukitaka kuthibitisha mwenyewe, nenda kwa muuzaji, mwombe aelekeze bomba kwenye mnara wa mbali kwa lenzi ya ukuzaji mkubwa, kisha gonga bomba kwa kidole na uhesabu. Mtikisiko ukidumu sekunde nne au tano, fikiria upepo wa Julai na Agosti utafanya nini. Tena darubini nyingi za kioo za wanaoanza zimetengenezwa kwa jicho, na ukifunga kamera fokasi haifiki kwenye kihisi, kile kinachopokea mwanga ndani ya kamera: unazungusha mpaka mwisho wa reli na nyota bado ni duara lenye ukungu.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji hawalitaji, nalo kwako ndilo kubwa kuliko yote. Darubini ya mm 900 kwenye kamera yako inaona kipande cha anga chenye upana wa nyuzi 1.4 na kimo kisichofika uzi 1. Nebula ya Eta Carinae ina upana wa nyuzi 2 hivi, mara nne ya Mwezi mpevu. Haitaingia kwenye picha! Njia Nyeupe ndiyo usiseme. Lenzi yako ya mm 50 inaona nyuzi 25 kwa 17, na humo nebula hiyo itachukua pikseli 400 katika picha yenye upana wa pikseli 5,184. Ile lenzi ya maharusi ndiyo inayofaa kwa picha unazozitaka.

Mwanafunzi wa UNILU hakukudanganya. HEQ5 ni stendi ya kuheshimika, na mtu anayetaka kupiga kwa darubini ya mm 700 au 900 angefanya vema kuanzia hapo. Lakini ikiwa mpya inapita dola 1,000, ina vyuma vya kusawazisha, inataka umeme wa volti 12 usiku kucha, na kwa darubini ndefu utahitaji pia kamera ya pili ya kuiongoza pamoja na kompyuta. Alikujibu swali la mtu mwingine. Na akitokea wa kukushauri stendi ya kompyuta inayokwenda juu-chini na kushoto-kulia, mkatalie pia: inaifuata nyota ya katikati, lakini picha nzima inajizungusha kuizunguka nyota hiyo. Kwetu ni mbaya zaidi, kwa sababu kitovu cha Njia Nyeupe kinapita nyuzi 73 juu, na kwa kimo hicho picha inazunguka kwa kasi ya nyuzi 50 kwa saa.

Sasa tuje kwenye anga letu. Video nyingi ulizotazama zimetengenezwa Ulaya au Marekani, ambako mhimili wa stendi unaelekezwa kwenye Nyota ya Kaskazini, nyota inayoonekana hata mjini. Kwetu nyota hiyo iko chini ya upeo. Lubumbashi iko nyuzi 11.7 kusini mwa ikweta, kwa hiyo tunaelekeza mhimili kwenye ncha ya anga ya kusini, mahali ambapo nyota zote zinaonekana kupazunguka, ambayo iko nyuzi 11.7 tu juu ya upeo wa macho. Nyota inayokaa jirani nayo, Sigma Octantis, ina mng'ao wa 5.4 (namba ikiwa kubwa, nyota ni hafifu). Kwa macho ni ya kubahatisha hata kwenye giza zuri, na mwezi wa Agosti, nyasi zinapochomwa kila upande, moshi wa chini unaifunika kabisa. Kidarubini kidogo cha kutafutia ncha, ambacho wauzaji hukisifia sana, kwako kitafanya kazi usiku mmoja mmoja tu.

Kwa hiyo kabla hujalipia stendi yoyote ya ikweta, popote pale, uliza namba moja: latitudo ya chini kabisa inayoshuka. Nyingine zinaishia nyuzi 10, hizo zinatufaa. Nyingine zinakwama kwenye 15 au 20, na hizo ziache hata zikiwa rahisi. Stendi zenye chuma cha kusawazisha zina shida nyingine: mhimili ukilala chini hivi, chuma hugonga mguu wa tripodi. Dawa yake ni kuizungusha tripodi ili chuma kipite katikati ya miguu miwili. (Wasomaji wangu wa Goma na Bukavu, ninyi mko nyuzi 1.7 na 2.5 tu kusini mwa ikweta. Hata stendi inayoshuka hadi 10 mtalazimika kuiinamisha kwa kufupisha mguu wa upande wa kusini, na ncha yenyewe iko kwenye miti na vilima.)

Mhimili ukiikosa ncha kwa uzi mmoja, ambao ni upana wa kidole cha mwisho ukinyoosha mkono, nyota inaweza kuhama hadi sekunde za tao 16 kwa dakika. Kwa darubini ya 900 hizo ni pikseli 16 na picha imeharibika. Kwa lenzi ya mm 135 ni pikseli mbili na nusu hivi. Kwa lenzi yako ya mm 50 haifiki pikseli moja. Lenzi fupi inasamehe, ndiyo maana nakusihi uanze nayo: kosa ambalo hata fundi mzoefu analipata kwenye anga la Lubumbashi, picha yako haitalionyesha.

Ninachokushauri ufanye kiangazi hiki kinagharimu bawaba moja, bolti moja na vipande viwili vya mbao. Ni ubao wa kufuata nyota, ule ambao Mskoti George Haig aliandika habari zake mwaka 1975, na tangu hapo watu wameutengeneza dunia nzima. Mbao mbili zenye urefu wa sentimita 30 zimeungwa kwa bawaba upande mmoja. Kamera inakaa kwenye ubao wa juu, juu ya kichwa cha tripodi kinachogeuka kila upande. Bolti inapita kwenye nati iliyopachikwa ubao wa chini na kuusukuma wa juu ufunguke polepole. Bolti ya M6 ya kawaida inasogea milimita 1 kwa kila mzunguko. Ukiiweka milimita 228.5 kutoka katikati ya pini ya bawaba, kisha ukaizungusha mara moja kwa dakika, ubao unafunguka kwa kasi ya anga. Ukikosea kipimo hicho kwa milimita moja, kosa ni sekunde za tao 4 kwa dakika, hutaliona. Usichovumilia ni bawaba yenye mchezo. Ishike mkononi dukani uitikise, na ikitoa sauti, rudisha.

Kwenye kichwa cha bolti gundisha CD ya zamani uliyoigawa alama 12, na kando yake weka saa yenye mkono wa sekunde. Zungusha CD ikienda sambamba na mkono huo, bila kusimama. Ukichelewa sekunde moja umekosea sekunde za tao 15, na pikseli yako inameza 18. Lakini usizungushe kwa robo robo kila sekunde 15, kama wengine wanavyoelekeza: hapo unazivuta nyota pikseli 12 au 13 kabla ya kuzirudisha. Kila baada ya dakika 10 irudishe bolti mwanzo, kwa sababu bolti iliyonyooka huanza kupotosha mwendo ubao ukifunguka sana.

Ubao wote unakaa juu ya kabari. Mwambie seremala akukatie kabari yenye urefu wa chini sentimita 50 na kimo cha sentimita 10.3, hiyo inakupa nyuzi 11.7 za Lubumbashi bila kupima tena, mradi chini pawe sawa kwa pimamaji. Pini ya bawaba ifuate mteremko wa kabari, upande ulioinuka ukitazama kusini. Ukisimama unatazama kusini, bawaba iwe mkono wako wa kulia, yaani magharibi, na bolti iwe kushoto. Ukiigeuza, ubao utakimbia kinyume na nyota zitarefuka mara mbili.

Kusini halisi usikitafute kwa dira ya simu peke yake. Dira huvutwa na mabati, gari na nondo, na hata mahali pasipo na chuma inaonyesha kusini ya sumaku. Tumia jua. Kuanzia Mei hadi Agosti jua la mchana linapita kaskazini mwetu, na kivuli kinaangukia kusini. Simika kijiti wima kabisa shambani. Saa nne na nusu asubuhi weka alama kwenye ncha ya kivuli, kisha kwa kamba chora duara linalopita kwenye alama hiyo, kijiti kikiwa katikati. Kivuli kitafupika, kisha kitarefuka tena, na karibu saa nane mchana ncha itagusa duara upande wa pili. Weka alama ya pili. Mstari unaotoka kwenye kijiti na kupita katikati ya alama hizo mbili unakwenda kusini. Uchore chini kwa jembe, ufikie usiku na kabari yako. Shamba la njia ya Kipushi linakufaa pia kwa jambo hili: taa nyingi za mji haziko mbele yako unapotazama ncha.

Kamera yako bila waya wa rimoti inaishia sekunde 30, nazo zinatosha. Weka f/2.8, ISO 1600, mtindo wa RAW, fokasi kwa mkono kwenye nyota angavu ukitumia ukuzaji wa skrini, na kitufe cha kuchelewesha cha sekunde 2 ili kidole kisiitikise kamera. Piga picha 120 za eneo moja, ukianza kuzungusha CD kabla ya kila picha. Utapata saa nzima ya mwanga. Siril na DeepSkyStacker ni programu za bure. Zinaziweka picha juu ya nyingine na kupunguza chembechembe. Zile ambazo mkono uliteleza, zitupe. Ndio uzuri wa picha nyingi fupi. Kwa Eta Carinae, tafuta usiku usio na mbalamwezi mwanzoni mwa Mei saa mbili usiku, iko nyuzi 42 juu ya kusini. Kitovu cha Njia Nyeupe, kati ya Nge na Mshale, kiko juu kabisa katikati ya usiku wa mwisho wa Juni, na katikati ya Agosti kinafika hapo saa mbili usiku. Juni na Julai baridi ya usiku ni kali, kwa hiyo chukua koti na bateri ya pili, maana baridi inazimaliza haraka. Nenda na watu, na majirani wa shamba wajue mnafanya nini na taa usiku.

Kuhusu mume wako: anauliza swali la haki. Mwonyeshe bei ya bawaba na bolti, na zile dola 400 zikae hadi minervali ilipwe. Ukifika Oktoba bado una hamu, na una picha za kuonyesha, basi kifaa cha binamu kinakuwa na maana. Vikiwa vipya, vifaa hivyo huuzwa dola 300 hadi 500 mara nyingi, kwa hiyo kilichotumika kisifikie bei hiyo. Kitakuachia mikono, kitafuata kwa usahihi kuliko CD, na kitakuruhusu kufika lenzi ya mm 135, ambamo nebula yako itajaza pikseli 1,100. Binamu akikagua huko Johannesburg, akiwashe kwa dakika kumi asikilize kama gia inakwaruza, akishike kichwa chake aone kama kina mchezo, na ahakikishe kinakuja na kabari yake ya kuinamishia, inayoshuka chini ya nyuzi 11. Na ahakikishe kina chaguo la kusini. Vifaa hivi vina swichi ya N na S, au chaguo hilo liko kwenye programu ya simu. Kikiachwa kwenye N huku kwetu, kinazungukia upande usio wake, na watu wameshakiita kibovu kifaa kizima kwa sababu ya swichi hiyo.

Siku utakapokuwa na mm 135, kijiti na kabari vitakuweka karibu, kisha umalizie kwa nyota zenyewe. Elekeza kamera kwenye nyota iliyo juu, nyuzi 12 hivi kaskazini mwa utosi (sehemu ya anga iliyo juu kabisa ya kichwa chako), uifuate dakika tano. Ikihama kuelekea kaskazini au kusini, mhimili umekosa upande, mashariki au magharibi. Sogeza kidogo, na mwendo ukizidi, rudisha upande wa pili. Halafu chukua nyota iliyo chini mashariki; yenyewe ikihama kaskazini au kusini, kimo ndicho kimekosea. Hakuna haja ya kuiona Sigma Octantis.

Chujio usilitoe. Ni kweli linazuia sehemu kubwa ya mwanga mwekundu wa haidrojeni, ule wa nanomita 656, na waliolitoa wanapata nebula nyekundu zaidi. Lakini kamera hiyohiyo Jumamosi inapiga sura ya bibi harusi, na bila chujio ngozi za watu zitageuka nyekundu, kila picha utairekebisha rangi. Eta Carinae ni miongoni mwa nebula angavu kuliko zote angani. Itatokea na chujio likiwepo, ya waridi badala ya nyekundu iliyokolea.

Muuzaji mpe jibu leo, usingoje mwisho wa mwezi. Mwambie asante, amuuzie huyo mwingine.